Kilichoua sinema za magari Marekani si televisheni

Kila sinema ya magari inapofungwa nchini Marekani, picha zake huzunguka mitandaoni kwa siku kadhaa: skrini iliyobanduka rangi, nguzo za spika zilizoota kutu, bango la barabarani lililopukutika herufi. Chini ya picha hizo maoni hayabadiliki. Mmoja anasema televisheni ndiyo iliyoziua. Mwingine anataja video, mwingine simu, na wa nne anauliza kwa nini asijitokeze mtu akazifufua ikiwa watu bado wanazipenda kiasi hiki. Swali la huyu wa nne ndilo zuri kuliko yote, na jibu lake halimo kwenye filamu. Limo kwenye ardhi.

Tuanze na kitu chenyewe, kwa sababu wengi hudhani sinema ya magari ni maegesho yaliyosimamishiwa skrini. Ni uwanja wa wazi ambako mtazamaji huingia na gari lake, huliegesha likiielekea skrini, na hutazama filamu akiwa amekaa humo humo ndani. Upande mmoja kuna skrini iliyoinuliwa juu. Katikati ya uwanja, au nyuma kidogo, kuna kibanda cha projekta, mara nyingi kikiwa pamoja na duka la vyakula. Na kati ya kibanda na skrini kuna matuta.

Matuta ndiyo moyo wa mpango wote. Kila safu ya magari ina tuta lake refu lililopinda kama upinde kuielekea skrini. Dereva akipandisha magurudumu ya mbele juu ya tuta, pua ya gari huinuka nyuzi chache, na aliyeketi ndani huiona skrini nzima juu ya paa la gari lililo mbele yake. Kati ya tuta na tuta huachwa mita 12 hivi, ili gari liingie na kutoka bila jirani kulazimika kusogea. Bila matuta, walio safu ya mbele tu ndio wanaoona. Wengine wote hutazama visogo vya magari.

Kazi hiyo ya matuta ilifanywa na Richard Hollingshead, mfanyabiashara wa New Jersey. Filamu zilikuwa zimekwisha kuonyeshwa nje kabla yake, hata mbele ya magari, lakini hakuna aliyekuwa ametatua tatizo la gari kuliziba jingine. Hollingshead alijaribu uani kwake: projekta juu ya boneti, skrini iliyofungwa kwenye miti, redio nyuma ya skrini, na vipande vya mbao chini ya magurudumu ya mbele hadi akapata mwinuko unaofaa. Alifungulia hata bomba la kumwagilia bustani juu ya gari ili aone mvua ingeharibu kiasi gani. Hataza yake, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi kuzuia wengine wasiige, ilitolewa Mei 16, 1933, na Juni 6 mwaka huohuo akafungua sinema yake karibu na mji wa Camden. Kiingilio kilikuwa senti 25 kwa gari na senti 25 kwa kila mtu, lakini gari moja halikulipa zaidi ya dola 1.

Hataza hiyo haikudumu. Mwaka 1949 mahakama ya rufaa iliamua kuwa mpangilio wa matuta haukuwa uvumbuzi unaostahili ulinzi, na tangu hapo mtu yeyote mwenye shamba pembezoni mwa mji aliweza kujenga sinema bila kumlipa yeyote ada. Wengi walifanya hivyo.

Hapa ndipo hoja ya televisheni inapovunjika. Mwaka 1950, nyumba 9 tu katika kila 100 za Marekani zilikuwa na televisheni. Kufikia 1960 zilikuwa zaidi ya 85 katika kila 100. Kama televisheni ndiyo iliyoua sinema za magari, muongo huo ungekuwa muongo wa mazishi. Badala yake ziliendelea kuongezeka, zikapita 4,000 mwaka 1958. Zilizokuwa zikifungwa kwa wingi miaka ile ni kumbi za ndani za mitaa ya mjini.

Sababu yake si fumbo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, familia changa zilihamia vitongoji, kila moja na gari lake na watoto wadogo. Kwenda ukumbini kulimaanisha kutafuta mtu wa kuwaangalia watoto, kuvaa nadhifu, kutafuta maegesho mjini. Kwenye sinema ya magari mtoto aliletwa akiwa na nguo za kulalia, akacheza kwenye bembea zilizowekwa chini ya skrini hadi giza liingie, kisha akasinzia kiti cha nyuma. Alipolia, hakumkera mtu. Televisheni haikuwa na jibu kwa hilo, maana wazazi walichokuwa wakinunua ni usiku mmoja nje ya nyumba.

Sasa tuje kwenye hesabu, na hapa inafaa kwenda polepole.

Uwanja wa magari 500 huhitaji ekari 10 hadi 15. Nafasi za kuegeshea peke yake huchukua chini ya nusu. Kinachobaki kinaliwa na umbali kati ya skrini na safu ya kwanza, njia za kupita, duka, vyoo, na jambo ambalo wajenzi wapya husahau: njia ndefu ya foleni ndani ya kiwanja, ili magari yanayosubiri tiketi yasifurike barabarani. Ukumbi wa ndani wenye skrini kadhaa huingia kwenye sehemu ndogo ya eneo hilo.

Ardhi hiyo yote hufanya kazi saa ngapi? Tuchukue mfano wa sinema ya magari ya kaskazini mwa Marekani, inayofunguliwa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili kuanzia katikati ya Aprili hadi mwisho wa Septemba. Hizo ni wiki 24, yaani usiku 72 kwa mwaka. Kila usiku huuzwa tiketi mara moja, hata zikionyeshwa filamu mbili, kwa sababu tiketi ni ileile. Skrini ya ukumbi wa ndani inayoonyesha mara tano kwa siku huuza tiketi mara 1,825 kwa mwaka. Ni zaidi ya mara 25. Na bado hatujatoa usiku wa mvua na wa ukungu.

Kwenye fedha ya tiketi yenyewe, msambazaji wa filamu huchukua nusu au zaidi, hasa wiki za mwanzo ambapo filamu bado ni mpya. Kinachomlisha mwenye uwanja ni bisi, soda na soseji. Ndiyo maana sinema nyingi za magari hukataza chakula cha kutoka nyumbani, au humtoza anayekuja nacho ada ya kibali. Mteja akiona ni uchoyo, ajue kuwa mfuko wa bisi ndio unaolipa umeme wa skrini anayoitazama.

Biashara ya namna hiyo huishi pale tu ardhi inapokuwa rahisi, na miaka ya 1940 na 1950 ilikuwa rahisi. Viwanja vilijengwa ukingoni mwa miji, penye barabara nzuri na majirani wachache. Kisha, mwaka 1956, sheria ya barabara kuu za shirikisho ilipitishwa na serikali ikaanza kujenga mtandao wa barabara pana nchi nzima. Miji ilipanuka kuzifuata barabara hizo. Uwanja uliokuwa kandokando ya mji ukajikuta katikati ya maduka, nyumba na maghala. Barabara ileile iliyoleta wateja ikamleta mnunuzi.

Kodi ya ardhi ikafanya kilichobaki. Sehemu nyingi za Marekani hutoza kodi kulingana na thamani ya kiwanja sokoni, bila kujali mwenyewe anaingiza kiasi gani. Eneo likipanda bei, kodi hupanda nalo, lakini idadi ya magari yanayoenea kwenye matuta haiongezeki hata moja. Mwenye uwanja aliyeanza kijana mwaka 1948 alikuwa mtu wa kustaafu kufikia miaka ya 1980. Watoto wake walikuwa na kazi nyingine, na mezani palikuwa na ofa ya kampuni ya maduka makubwa. Kuuza hakukuwa kushindwa. Kwa wengi, kile kiwanja ndicho kilichokuwa pensheni, na sinema ilikuwa njia ya kukishikilia huku kikilipa gharama zake.

Mambo mengine yaliharakisha, na yanastahili kutajwa kila moja kwa uzito wake. Video za nyumbani ziliumiza kweli, kwa sababu zilimpa mzazi filamu na watoto waliolala kwa wakati mmoja, jambo ambalo televisheni haikuweza. Magari yalibadilika pia: kiti kirefu cha mbele kilichokaliwa na watu watatu kikaondoka, vikaja viti viwili vilivyotenganishwa. Na miaka ya 1970, wenye viwanja waliokosa filamu mpya walianza kuonyesha za utupu na za ukatili, zikawafukuza wale wenye watoto. Mji wa Jacksonville, Florida, ulipiga marufuku kuonyesha utupu kwenye skrini inayoonekana kutoka barabarani. Mwaka 1975 Mahakama Kuu ya Marekani ikaitengua amri hiyo kwa kuwa iliingilia uhuru wa kujieleza. Meneja wa sinema alishinda kesi, lakini familia hazikurudishwa na hukumu.

Kuna adui mwingine ambaye hatajwi kabisa kwenye maoni ya mitandaoni, naye ni saa. Sheria ya mwaka 1966 ilisawazisha utaratibu wa kusogeza saa mbele kwa saa moja wakati wa kiangazi, na ilianza kutumika 1967. Mwezi Juni jua la Detroit huzama yapata saa 3:13 usiku. Projekta haiwezi kushindana na mwanga wa machweo, hivyo filamu huanza nusu saa hivi baadaye, karibu saa 4 kasorobo. Zikiwa filamu mbili na mapumziko katikati, watu hutoka saa 8 kasorobo usiku. Bila kusogeza saa, kila kitu kingeanza na kuisha saa nzima mapema. Kwa mzazi wa mtoto wa miaka mitano, saa hiyo moja ndiyo tofauti kati ya kwenda na kutokwenda.

Ukitaka kuelewa kwa nini mwanga ni suala la kufa na kupona hapa, fikiria kopo moja la rangi nyeupe. Ukilipaka kwenye ukuta wa chumba, ukuta hung'aa. Ukilitandaza kwenye ukuta wenye ukubwa mara sita, rangi huwa nyepesi mpaka matofali yakaonekana. Skrini ya ukumbi wa ndani yenye upana wa mita 12 na kimo cha mita 5 ina mita za mraba 60. Skrini ya nje ya mita 30 kwa 12.5 ina mita za mraba 375. Taa ileile ikimulika skrini hiyo kubwa, kila mita ya mraba hupata chini ya moja ya sita ya mwanga. Kwa hiyo projekta za sinema za magari hutumia taa za zenoni zenye nguvu ya kilowati kadhaa, ambazo hutoa joto kali na huhitaji bomba la kulitoa nje na feni isiyozimika. Hata hivyo, picha hubaki hafifu kuliko ya ndani, na mbalamwezi peke yake huifanya nyeusi ionekane kijivu.

Ndiyo sababu mjengaji makini huielekeza skrini isitazame magharibi, ili jua la jioni liipige mgongoni na uso wake uwahi kuwa kivulini. Ndiyo sababu pia taa za jirani ni hatari kuliko mvua. Bengies, sinema ya magari ya Maryland iliyofunguliwa mwaka 1956, iliwahi kumshitaki jirani mwenye duka na kituo cha mafuta kwa sababu ya mwanga wa taa zake. Jopo la raia lililosikiliza kesi lilikubaliana na sinema, lakini hakimu akaubatilisha uamuzi huo. Msimamo wa sheria ni kwamba mtu anayefanya shughuli inayohitaji giza kuliko kawaida hawezi kumlazimisha jirani kuishi gizani. Kwa uwanja uliozungukwa na mji, hukumu ya namna hiyo ina uzito kuliko filamu yoyote mbovu.

Sauti nayo ina historia yake, na hapa mambo yaliboreka badala ya kuharibika. Mwanzoni spika kubwa ziliwekwa kwenye skrini. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo aliye mita 150 kutoka skrini alisikia neno karibu nusu sekunde baada ya kuona midomo ikitamka, na mtaa mzima ulisikia naye. Miaka ya 1940 zikaja spika ndogo za kutundika kwenye dirisha, mbili kwa kila nguzo, moja kwa gari la kulia na moja la kushoto. Watu huzikumbuka kwa mapenzi. Mafundi walizikumbuka tofauti: mamia ya nyaya chini ya ardhi, unyevu ulioingia kwenye koni za karatasi, na kila usiku dereva mmoja au wawili walioondoka wakiwa wamesahau kuirudisha spika nguzoni na kuing'oa pamoja na waya.

Leo sauti hurushwa kwa FM na kusikika kwenye redio ya gari. Kanuni za Marekani huruhusu mtambo mdogo usio na leseni, lakini kiwango chake ni kidogo mno, nguvu ya mawimbi isiyozidi mikrovolti 250 kwa mita, ikipimwa mita 3 kutoka antena. Hiyo hutosha mita 60 hivi, si uwanja wa magari 500, kwa hiyo mahali pa kuweka antena na hesabu ya nguvu huwa kazi ya mtu anayejua anachofanya.

Mabadiliko hayo yalihamishia tatizo kwenye betri ya mteja. Magari ya sasa huzima redio yenyewe baada ya dakika kadhaa injini ikiwa haiwaki, au huacha taa za mbele zikiwaka na kuwaudhi walio mbele. Kwa gari la kuwasha kwa kitufe, mara nyingi kubonyeza mara mbili bila kukanyaga breki huwasha redio bila injini, na kuvuta breki ya mkono kabla ya kuwasha huzima taa za mchana kwenye aina nyingi. Dawa ya uhakika ni redio ndogo ya betri zake yenyewe. Ukifungua mlango wa buti na kukaa nyuma, ufunge kwa kamba usiinuke kupita paa, maana aliye nyuma yako naye amelipa.

Pigo la karibuni zaidi lilikuwa la kidijitali. Studio zilipoacha kutengeneza nakala za mkanda wa milimita 35, mwanzoni mwa miaka ya 2010, kila skrini ilihitaji projekta mpya iliyogharimu dola 70,000 au zaidi. Mashine pekee haikutosha. Kibanda cha zamani kilikuwa chumba cha matofali chenye tundu la wazi lililopitisha mwanga, vumbi na wadudu. Projekta ya kidijitali haivumilii hayo: tundu likawekewa kioo maalumu, chumba kikazibwa, kiyoyozi kikafungwa, intaneti ikavutwa hadi katikati ya shamba. Studio zilikuwa na mpango wa kuchangia gharama kwa kulipa kiasi fulani kwa kila filamu iliyoonyeshwa, lakini skrini inayofanya kazi miezi mitano kwa mwaka ilikusanya michango hiyo kidogo kidogo mno. Mwaka 2013 kampuni ya Honda iliendesha kampeni ya kuzipa baadhi ya sinema projekta hizo bure. Zilizosaidiwa zilikuwa chache, na kwa mwenye uwanja aliyekuwa akisitasita kuuza, bili ile ilimaliza mjadala.

Kisha ukaja mwaka 2020. Kumbi za ndani karibu zote zilifungwa kwa sababu ya korona, sinema za magari zikajaa, na magazeti yakaandika kwamba zimefufuka. Tazama vizuri kilichotokea. Walmart iligeuza maegesho ya maduka yake 160 kuwa sinema kwa muda. Iliweza kwa sababu ardhi ilikuwa tayari yake, ilikuwa tayari imewekewa lami, na mchana iliendelea kuegeshea wanunuzi. Filamu ilikuwa kazi ya ziada ya usiku. Kumbi za ndani zilipofunguliwa tena, filamu mpya zikarudi huko. Hamu ya watu ilionekana wazi kabisa, lakini bei ya ekari haikushuka.

Zilizobaki ni 300 hivi, na ukizichunguza zina mambo yanayofanana. Mara nyingi wenyewe wanamiliki kiwanja na hawadaiwi na benki. Ziko mbali kidogo na mji unaokua. Nyingi zina skrini mbili au zaidi zinazohudumiwa na jiko moja, ili gharama ya wapishi igawanyike. Nyingi hugeuka gulio la vitu vilivyotumika asubuhi za mwisho wa wiki, matuta yakawa safu za meza, na kuna viwanja ambavyo gulio huingiza zaidi ya filamu. Shankweiler's ya Orefield, Pennsylvania, iliyofunguliwa Aprili 1934, ndiyo kongwe kuliko zote zinazoendelea kufanya kazi.

Kwa hiyo ukisikia tena kwamba fulani anataka kufufua sinema ya magari, mambo ya kuuliza yanajulikana. Kiwanja ni chake au amepanga, na kama amepanga, mkataba ni wa miaka mingapi? Mkataba mfupi humaanisha hatajenga matuta wala skrini ya chuma ya kustahimili upepo. Ataweka skrini ya kujazwa hewa, na hiyo haipandishwi siku ya upepo mkali. Mchana kiwanja kitafanya nini? Nani anamiliki kiwanja cha jirani, na mpango wa mji unaruhusu kijengwe nini hapo? Na foleni ya magari 200 saa 2 usiku itasimama wapi, ndani au barabarani? Swali hilo la mwisho ndilo linaloulizwa na halmashauri kabla ya kutoa kibali, na miradi mingi huishia hapo, hata kabla mtu hajachagua filamu ya kwanza.